Kambi ya vijana Kigoma mwezi wa sita: familia ya wamisionari inakuja, kazi tugawane vipi?

MleziWaMwanga ameuliza:

Bwana asifiwe wapendwa. Kanisa letu liko Kigoma mjini. Mwezi wa sita tunapokea familia ya wamisionari kutoka Marekani: baba, mama na watoto watatu wa miaka 9, 13 na 16. Watakaa wiki sita. Kwao kila kiangazi wanaendesha kambi za vijana, na wameandika kwamba wangependa tufanye ya siku tano, Jumatatu jioni mpaka Jumamosi asubuhi, kwa vijana 120 wa sekondari wenye miaka 14 hadi 18. Mahali tunapofikiria ni shule ya bweni iliyo karibu na ziwa, maana wanafunzi watakuwa likizo.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Nianze na nini? Wageni wapewe kazi gani na wasipewe ipi? Chakula nipige hesabu vipi? Na ziwa je, maana vijana hawatakubali kukaa siku tano wakiliangalia tu. Baadhi ya wazee wa kanisa wanasema "kambi ni ya wageni, tuwaachie wenyewe waiendeshe." Mimi hilo halinikai.

---

KatibuWaKanda:

Lisikukae kabisa. Wageni wakishika chakula, fedha, ratiba na mahubiri, mwaka wasipokuja hakuna kambi. Washike kitu kimoja wanachokijua vizuri, vingine vyote vibaki kwa kamati yenu.

Anza na tarehe. Shule zinafungwa mapema mwezi wa sita kwa takriban wiki nne, lakini shule nyingi hubakiza madarasa ya mitihani, kidato cha pili na cha nne, kwa kambi ya masomo. Ukipanga bila kuuliza wakuu wa shule, utajikuta na vijana 70 badala ya 120, na mabweni uliyoahidiwa yana watu. Uliza shule zote wanakotoka vijana wako kufikia mwezi wa tatu. Usiwategemee waliomaliza kidato cha sita kuwa walezi: mtihani wao huisha mwezi wa tano, na baada ya hapo wengi wanaitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria.

Barua. Shule ikiwa ya serikali, ruhusa ya majengo inatoka kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia afisa elimu. Mkuu wa shule peke yake hatoshi, hata kama ni mshirika wa kanisa lenu. Nakala ipeleke kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Polisi mwandikieni OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) wiki mbili kabla, mkitaja tarehe, idadi, spika zitakazotumika na kuwepo kwa wageni wa nje.

Uhamiaji ndipo makanisa mengi yanapojikwaa. Viza ya matembezi haimruhusu mgeni kufanya kazi, na kujitolea bila malipo ni kazi. Kuhubiri, kufundisha na kuendesha kambi vyote vimo humo. Kwa shughuli ya muda mfupi kuna viza ya biashara ya hadi siku 90. Wanaokuja kukaa wanahitaji kibali cha ukaazi daraja C pamoja na kibali cha kazi. Maombi yanafanyika mtandaoni kabla hawajasafiri, na kanisa linaandika barua ya mwaliko na kuambatanisha cheti chake cha usajili. Barua iseme ukweli wa kazi. Ukiandika "wanakuja kututembelea", halafu picha zao wakihubiri zikasambaa, wa kuulizwa ni wewe uliyealika.

Fedha ziingie akaunti ya kanisa yenye watia saini wawili. Zisipitie simu ya mtu, hata ya mchungaji. Na kambi isiwe ya bure. Kambi ya bure inaandikisha 200 wakaja 90, au inaandikisha 120 wakaja 200, na hali zote mbili zinaua bajeti ya jikoni. Weka ada ndogo, asiye na fedha alete kilo mbili za maharage au nne za mahindi. Mzazi aliyetoa maharage anafuatilia mtoto wake amefika au hakufika.

---

MamaJikoni_Gungu:

Mtumishi, hesabu ya chakula siyo 120. Hesabu vijana 120, walezi 20, wapishi, walinzi na wageni 10. Jumla 150. Hapo ndipo wengi wanakosea, halafu walezi wanakula ukoko.

Kwa mlo mmoja wa watu 150:

Ugali: gramu 250 za unga kwa kila mtu, kilo 37 na nusu.
Wali: gramu 200 za mchele, kilo 30.
Maharage makavu: gramu 100, kilo 15.
Dagaa wakavu: gramu 40, kilo 6.
Uji wa asubuhi: unga kilo 6, sukari kilo 3.
Mafuta: lita 4 na nusu kwa siku nzima.

Ongeza asilimia kumi juu ya kila kitu. Vijana wa kiume wa miaka 17 baada ya mpira hawatosheki na gramu 250, ila wadogo na wageni huacha, kwa hiyo wastani unakaa sawa. Nunua kwa mizani. Debe la muuzaji mmoja siyo debe la mwingine, na debe lililobonyezwa kitako unalijua ukishafika nyumbani.

Ugali wa kilo 37 usisongwe kwenye sufuria moja. Katikati utabaki mbichi, na mpishi ataungua mikono akijaribu kuugeuza. Gawa mafungu matatu ya kilo kumi na mbili na kitu, kila moja na sufuria yake ya lita 50 au zaidi na wasongaji wawili wanaopokezana mwiko. La tatu libandikwe dakika ishirini baada ya la kwanza, ili foleni ya mwisho nayo ipate wa moto.

Maharage yalowekwe tangu usiku, maji yamwagwe asubuhi, yapikwe kwa maji mapya. Yasiyolowekwa yanakula kuni karibu mara mbili, na kijana wa foleni ya kwanza atatafuna mawe. Mawese mazuri yapo, lakini yaungie siku ya pili, siyo ya kwanza. Tumbo lisiloyazoea, la mgeni au la kijana aliyetoka mbali, linahitaji kuanza polepole. Unga wa muhogo ununue kwa mtu unayemjua kwamba analoweka na kukausha sawasawa. Muhogo mchungu ulioharakishwa ni sumu, na kwenye kambi utaumiza watu wengi kwa mpigo. Kama huna uhakika, pika wa mahindi.

Wageni wasiingizwe jikoni kupika. Waje kuosha vyombo, hilo ruksa, na vijana wanalipenda sana.

---

Kasulu_Kwetu:

Mama Jikoni umesahau maji. Lita 15 kwa mtu kwa siku, ya kunywa, kupika, kuoga na kunawa. Kwa 150 ni lita 2,250, yaani tangi la lita 2,000 linajazwa kila siku na bado unadaiwa madumu. Bomba la shule likikatika siku ya pili huna kambi. Kodi tangi la ziada ulijaze Jumapili.

---

MamaJikoni_Gungu:

Kweli kabisa. Na ya kunywa yawe na ndoo zake zenye koki na mfuniko. Kikombe kisizamishwe ndani.

---

NesiWaZamu:

Niongeze upande wa afya, maana hapo hamjafika.

Maji ya ziwa au ya bomba yasiyo na uhakika: kidonge kimoja cha klorini kwa ndoo ya lita 20 (soma pakiti, vipo vya ujazo tofauti), koroga, subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, chuja kwanza kwa kitambaa safi. Klorini kwenye tope haifanyi kazi yake. Mkoa wetu unaijua kipindupindu, kwa hiyo ndoo ya kunawia na sabuni iwe mlangoni mwa choo na kwenye foleni ya chakula, na awepo mtu wa kuisimamia. Ndoo isiyo na msimamizi huisha maji saa nne asubuhi na hakuna anayejali.

Vyoo: kipimo cha shule zetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Ukiwa na wasichana 65 unahitaji manne, wavulana 55 matatu. Kwa wasichana weka ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya pedi, na pedi za akiba zikae kwa mlezi wa kike, siyo ofisini kwa mchungaji ambako hakuna msichana atakayekwenda kuomba.

Fomu ya mzazi iulize mambo manne kwa majina yake: pumu, kifafa, selimundu na mzio. Selimundu inasahaulika mno. Kijana wa selimundu akiingia maji baridi ya asubuhi au akikosa maji ya kunywa, anaweza kupata maumivu makali. Si lazima azuiwe kambi. Mlezi wake ajue tu, anywe maji mengi, asiogelee ziwani na asikeshe.

Homa: pima kwanza kwa kipimo cha haraka cha malaria, kisha dawa ya mseto kama mhudumu wa afya anavyoelekeza, dozi kamili ya siku tatu na chakula chenye mafuta. Kijana akiondoka kambini siku ya pili ya dozi, mzazi akabidhiwe vidonge vilivyobaki na maelezo. Vyandarua: kwenye bweni au darasa, funga kamba ya nailoni ukuta hadi ukuta, kimo cha mita mbili, vyandarua vining'inie humo, pindo lichomekwe chini ya godoro. Ukiwaachia kila mmoja atafute msumari, nusu yao watajifunika chandarua kama shuka.

Sasa hili la usiku. Kwenye kambi zetu za maombi, usiku wa tatu au wa nne wasichana huanza kuanguka, mmoja, kisha watano, kisha kumi. Watu wanasema mapepo yamepanda. Mimi sipingi maombi. Lakini angalia saa: ni saa sita usiku, hawajalala sawasawa kwa siku tatu, wamekunywa maji kidogo kwa kuogopa kwenda chooni gizani, na spika iko mita tano. Mpango ni huu: ibada ya jioni iishe saa 3:30, taa zizimwe saa 4:30, njia ya chooni iwe na taa. Akianguka mtu, walezi wawili wa kike wamtoe nje ya umati mpaka mahali patulivu, alale ubavu, asishikiliwe kwa nguvu, asimwagiwe maji wala kutiwa kitu mdomoni. Kama mwili unatetemeka na mate yanatoka, hesabu dakika, ikizidi tano ni hospitali. Na usiwalaze walioanguka pamoja kwenye chumba kimoja, maana wanaamshana. Waelezeni wageni hili kabla, na kamera zikae mbali.

---

MtumbwiWaKatonga:

Naandika kuhusu ziwa tu.

Kuna watakaokwambia upige marufuku kuogelea. Nawaelewa, ila nadhani wanakosea. Vijana 120 wakiwa mita mia mbili kutoka Tanganyika bila saa rasmi ya kuogelea wataingia jioni wakati walezi wako kwenye kikao. Bora muwe na saa moja inayolindwa kweli.

Ufuo wetu unadanganya. Maji ni meupe, unaona mawe chini, unafikiri ni kiunoni. Sehemu nyingi hatua chache kutoka ukingoni sakafu inashuka ghafla. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na halianzi taratibu kama Victoria. Tembea eneo lote na mti wa kupimia siku moja kabla. Uliza BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo na uvuvi) na wavuvi wa pale kuhusu mamba. Wakisema "hapa siku hizi hawapo", uliza mtu wa pili.

Funga kamba: nailoni mita 60, kila mita tatu dumu tupu la lita 5 kama boya, ncha zote mbili zifungwe kwenye mwamba au nguzo. Kamba ipite kina cha kifua cha kijana mfupi kuliko wote. Hakuna kuivuka, hata bingwa wa kuogelea.

Ndani ya maji wasizidi 20 kwa wakati mmoja, wawili wawili. Kila dakika kumi filimbi: kila jozi inashikana mikono juu, msimamizi anahesabu. Ishirini ni ishirini, kumi na tisa ni wote nje. Walinzi wanne, wawili wamesimama kwenye kamba, mmoja mtumbwini, mmoja juu ya mwamba ambaye kazi yake ni kutazama tu, bila simu. Yule wa mwambani awe na dumu la kurushia: la lita 5, maji kidogo ndani ili likirushwa lifike na lisipeperuke, limefungwa kamba ya mita 20. Anayezama anarushiwa dumu. Asifuatwe na mtu asiyefunzwa, watazama wawili.

Wasichana wavae kaptura na fulana. Kanga ikilowa inafunga miguu.

Muda ni asubuhi, kati ya saa 3 na saa 5. Mwezi wa sita ni msimu wa upepo wa kusi. Ukiona vilele vyeupe juu ya mawimbi, shughuli imekwisha, hata kama kundi la mwisho halijaingia. Watalalamika. Waache walalamike.

Na boti. Wageni wataomba kuwapeleka vijana Gombe. Jibu ni hapana kwa kambi nzima. Ni safari ya saa kadhaa kwa boti ya mbao ziwa likiwa na upepo, na hifadhini wenye umri chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kufuatilia sokwe. Familia iende yenyewe wiki nyingine, ila wa 9 na wa 13 wasiende kufuatilia sokwe; kila mtu na jaketi lake la kuokolea, na mwenye mafua abaki asije akaambukiza sokwe. Kwa vijana kuna Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley ya 1871. Unafika kwa daladala na hakuna wimbi.

---

NesiWaZamu:

Nakubali yote, niongeze kichocho. Konokono wake hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na karibu na vijiji ambako watu hujisaidia pembeni. Mahali pa mawe na maji yanayopigwa na mawimbi hatari ni ndogo, siyo sifuri. Kidudu hupenya ngozi kwa dakika chache. Wageni wapime wiki sita hadi nane baada ya kugusa maji, maana mapema kipimo hakionyeshi. Vijana wetu wapewe namba ya kituo cha afya, dawa ni praziquantel na hupimwa kwa uzito.

---

MkalimaniTabora:

Mnaipa familia kazi gani? Hilo ndilo swali la mleta mada na bado halijajibiwa.

Kazi inayowafaa ni kuwafundisha walezi wenu 20 wiki mbili kabla ya kambi. Kambi za Marekani zina utaratibu mmoja mzuri: vikundi vidogo vyenye mlezi anayekula nao, anayelala karibu nao, anayejua majina yao wote. Kiwango cha American Camp Association kwa kambi za kulala ni mlezi mmoja kwa vijana 8 wenye miaka 9 hadi 14, na mmoja kwa 10 wenye miaka 15 hadi 18. Wewe fanya vikundi 10 vya vijana 12, walezi wawili kila kikundi. Hapo mlezi mmoja ana vijana sita, na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na kijana faraghani. Sheria hii iwabane wageni na wachungaji sawasawa. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo karibu wote mtakaokuwa nao ni watoto kisheria. Bandika namba 116 ya simu ya msaada kwa mtoto mlangoni mwa kila bweni.

Mahubiri yenye mkalimani yana urefu mara mbili. Dakika 20 zinakuwa 40, na vijana wanalala dakika ya 25. Mgeni apewe dakika 12 tu, zikipimwa kwenye saa. Mkalimani apate maandishi jana yake, na vichekesho vifutwe. Mzaha wa mpira wa Kimarekani hautafsiriki, mkalimani ataishia kusema "hapa amechekesha, chekeni." Somo kuu la jioni lihubiriwe na mtu wa hapa kwa Kiswahili.

Ratiba iandikwe safu mbili. Mgeni akisoma "saa 2" anaelewa saa nane yetu mchana, na ataikosa ibada ya asubuhi huku nyinyi mkimsubiri. Andika: saa 2:00 asubuhi, pembeni 08:00. Tena wafike Kigoma siku tano kabla ya kazi yoyote. Kwao, kwa majimbo mengi, saa ziko nyuma yetu kwa 7 hadi 10, na mtu anayeamka saa nane usiku hawezi kulea vijana mchana.

Watoto wao: wa 16 na wa 13 waingie vikundini kama vijana wengine, foleni ile ile, sahani ile ile. Wa 16 asifanywe mlezi wa wenzake eti kwa sababu anajua Kiingereza. Wa 9 abaki na mama yake, kambi siyo ya umri wake.

Mizigo: waambie mapema wasilete Biblia, zipo za Chama cha Biblia cha Tanzania na vijana wanataka lugha yao. Walete pampu na sindano za mipira, tochi za kichwani, filimbi. Vyombo vya umeme waangalie nyuma pameandikwa nini. Cha volti 110 pekee kikichomekwa kwenye 230 zetu kitatoa moshi, na adapta ya kubadili umbo la plagi haipunguzi volti.

Picha: fomu ya mzazi iwe na kisanduku chake cha ndiyo au hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hata mzazi akikubali, jina la mtoto, shule na uso wake visikae pamoja kwenye barua za kuomba michango huko kwao. Na hakuna picha za watoto wakila.

---

MleziWaMwanga:

Asanteni sana, nimechapisha ya Mtumbwi na Nesi kwa ajili ya kikao. Moja limebaki: jirani zetu wengi ni Waislamu, na watoto wao hucheza mpira na wetu. Wakitaka kuja?

---

KatibuWaKanda:

Mpira wa jioni uwe wazi kwa wote, bila kuandikishwa na bila mahubiri ya kuviziana mapumzikoni. Kulala kambini ni kwa fomu iliyosainiwa na mzazi mwenyewe aliyeambiwa wazi kwamba ni kambi ya kanisa. Mtoto aliyekuja na sahihi ya kaka yake arudishwe nyumbani siku hiyo hiyo, kwa upole, akisindikizwa. Spika zielekee ziwani, na zizimwe wakati wa adhana. Mwenyekiti wa mtaa mpelekee ratiba mkononi, usimtumie kwa simu.

---

MamaJikoni_Gungu:

Na kuni zinunuliwe wiki mbili kabla zikauke. Kuni mbichi ndizo zinazochelewesha chakula, halafu lawama zinaletwa jikoni.